Elfu tano ya kitabu cha risiti inatoka wapi?

Mteja akiingia kwa mchapaji wa Utemini, hapo Manispaa ya Singida, swali lake la kwanza ni bei, na jibu humfikia kabla hajapewa kiti. Kitabu cha risiti cha seti hamsini, nakala mbili mbili, ukubwa wa A5: elfu tano. Mchapaji ukimuuliza hiyo elfu tano kaipata wapi, atakwambia ndiyo bei ya mjini. Nenda kwa mwenzake mtaa wa pili, naye atataja hiyohiyo, na akibanwa atasema ndivyo wanavyotoza wengine. Kila mmoja amemwangalizia jirani yake, na hesabu hakuna aliyeifanya.

Bei ninazozitaja humu ni za mfano tu, nimezichagua ziwe rahisi kugawanya. Mwenye mashine aweke za kwake. Ninachotaka kukionyesha hakibadiliki zikipanda wala zikishuka: wachapaji wengi wa mikoani wanadhani wanauza karatasi, kumbe wanauza saa. Karatasi wanainunua dukani na kuipitisha kwa mteja. Kilicho chao ni muda wa mashine, muda wa fundi na muda wa meza ya kubania vitabu, na huo ndio wasioupima.

Ziangalie kazi zenyewe. Singida ni mkoa wa alizeti, na mkamuaji wa mafuta anahitaji lebo za chupa na madumu, vitabu vya risiti na hati za kupokelea mzigo. Shule zina mitihani ya majaribio. Makanisa yana bahasha za sadaka na kalenda, misikiti ina ratiba za Ramadhani, vikoba vina vitabu vya wanachama, kamati za harusi zina kadi za michango. Timu ya Singida Black Stars ikicheza nyumbani, hakosi mtu anayetaka bango. Kazi ya nakala laki moja humo hutaiona. Ni mia mbili, mia tano, elfu moja, mara chache elfu tano. Kazi ndogo ndizo zinazomficha mchapaji gharama zake, kwa sababu muda mwingi unakwisha kabla nakala nzuri ya kwanza haijatoka.

Tumchukue mkamuaji mmoja aliyeagiza vitabu 40 vya risiti. Seti 50 mara nakala 2 mara vitabu 40 ni karatasi 4,000 za A5. A3 moja inatoa A5 nne, kwa hiyo zinahitajika A3 1,000, nusu nyeupe na nusu za njano, za ile aina inayojinakili yenyewe ambayo mafundi huiita NCR. Ongeza 50 za kuharibika. Kwa shilingi 110 kila moja, karatasi 1,050 ni shilingi 115,500. Pleti moja 10,000, wino 5,000, majalada na pini 20,000. Vifaa vyote ni shilingi 150,500. Vitabu 40 kwa elfu tano ni shilingi 200,000. Mchapaji anatoa, anaona 49,500 imebaki, anafunga kauntabuku kwa furaha.

Sasa tuhesabu saa. Kupanga maandishi kwenye kompyuta, kumsubiri mteja asahihishe na kutengeneza pleti: saa 1. Kuseti mashine, yaani kufunga pleti, kulisha wino, kusawazisha maji na kunyoosha hadi nakala ikae sawa kwenye karatasi: dakika 45. Kuchapa karatasi 1,000 kwa mwendo wa 4,000 kwa saa: dakika 15. Hebu irudie sentensi hiyo. Kuseti kumekula mara tatu ya muda wa kuchapa, na mteja aliyesimama pale mlangoni anaona zile dakika 15 tu. Kisha karatasi zinakatwa kuwa A4 na kupigwa namba za mfululizo: nusu saa ya kuseti tena, na saa 1 ya kupitisha karatasi 2,000. Ukataji wote, nusu saa. Kupanga seti, kubana pini na kubandika majalada, saa 2. Jumla ni saa 6.

Saa moja ya ofisi hiyo ni shilingi ngapi? Wengi hukwama hapa, ingawa hesabu yake ni ya darasa la sita. Mashine ya mtumba iliyonunuliwa kwa milioni 24, ikitarajiwa kuhudumu miaka 8, inachakaa milioni 3 kila mwaka, iwe imefanya kazi au imefunikwa turubai. Pango milioni 3. Fundi milioni 5.4, msaidizi wake milioni 3. Umeme wa Luku milioni 1.8. Vipuri na nauli ya fundi wa mashine anayetoka mkoa mwingine milioni 1.8. Leseni na mengineyo milioni 1. Jumla milioni 19 kwa mwaka.

Anayefungua saa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka, ana saa 2,400. Akigawa anapata kama shilingi 7,900 kwa saa, na kwa kugawa hivyo amekwisha kujipunja. Saa 2,400 ni saa za mlango kuwa wazi. Ndani yake kuna saa za kusubiri umeme urudi, za kusafisha rola, za kusubiri kamati ya harusi iliyoamua leo asubuhi kuongeza jina la shangazi kwenye kadi, za kurudia bure kazi iliyoharibika, na za kukaa tu kwa sababu kazi hakuna. Saa hizo hakuna mteja wa kuandikiwa, lakini pango na mishahara vinaendelea. Tuseme zinazobaki, zile zinazoweza kuandikwa kwenye kazi ya mtu fulani, ni nusu, yaani 1,200. Bei ya saa inaruka hadi karibu shilingi 15,800.

Saa 6 kwa 15,800 ni 94,800. Jumlisha vifaa, 150,500. Kazi ya mkamuaji imegharimu shilingi 245,300, kitabu kimoja 6,130 na ushee, naye kakiuza elfu tano. Ile 49,500 iliyomfurahisha ilikuwa tayari ni mali ya mwenye nyumba, ya fundi na ya mashine, na bado imepelea 45,300. Na hapo hatujaweka faida. Hatujaweka pia asilimia 18 ya VAT kwa aliyesajiliwa.

Hasara ya namna hii haiumi siku hiyo, na ndiyo maana inadumu. Fedha taslimu ipo, kwa kuwa mashine haidai uchakavu wake kila Ijumaa. Inadai kwa mkupuo, siku rola zimekwisha na blanketi imechanika, na mwenye ofisi anaanza kuzunguka akitafuta mkopo huku akilaumu simu za mkononi kwamba zimeua uchapaji. Simu zimechukua kadi za harusi, ni kweli. Mashine za risiti za kielektroniki, EFD, zilizoletwa mwaka 2010 nazo zimepunguza vitabu vya risiti kwa wafanyabiashara wanaolazimika kuzitumia. Lakini ofisi nyingi zinazofungwa zilikuwa zinapata hasara hata zilipojaa kazi.

Ugonjwa huu si wa Singida peke yake. Oktoba 1909 wachapaji wa Marekani walikusanyika Chicago kwa mkutano mahsusi wa gharama, kwa sababu walikuwa wakiuana kwa kukatiana bei ambazo hakuna aliyejua zimesimama juu ya nini. Chama chao, United Typothetae of America, kilichoanzishwa mwaka 1887, kiliupigania mfumo mmoja wa kutafuta gharama. Mzizi wake ulikuwa tiketi ya muda: kila mfanyakazi, kila siku, aandike kazi gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Saa zikagawanywa za kutozwa na zisizotozwa, kama tulivyofanya hapo juu. Waingereza wakaitisha mkutano wao London mwaka 1913. Kompyuta hazikuwapo. Ilikuwa penseli na saa ya ukutani.

Huku kwetu uchapaji umekuja kwa mlango mwingine. Singida imekaa katikati ya majina mawili makubwa ya uchapaji wa misheni: Tanganyika Mission Press ya Wakatoliki pale Kipalapala, Tabora, na Central Tanganyika Press ya Waanglikana, Dodoma. Uchapaji wa namna hiyo kazi yake ilikuwa kueneza neno na kusomesha. Mpigachapa Mkuu wa Serikali naye ana fungu lake la bajeti. Nadhani ndiyo sababu tumerithi ufundi mzuri wa mikono bila kurithi daftari la gharama. Fundi alimfundisha mwanafunzi wake kusikiliza mlio wa mashine na kujua rola ipi imelegea. Hakumfundisha kuuliza mlio huo ni shilingi ngapi kwa dakika.

Jibu la swali hilo linaanzia kwenye viwango. Ukisema “viwango” watu hufikiria nembo ya Shirika la Viwango, TBS. Kuna kiwango kingine, cha ndani ya ofisi: kuseti kazi ya rangi moja kwetu huchukua muda gani, mashine yetu hutoa nakala ngapi kwa saa, karatasi ngapi huharibika. Bila hivyo makadirio ni ramli. Na kiwango hicho huwezi kukiazima. Heidelberg GTO 52, mashine ya Kijerumani ambayo mafundi wa ofseti wa Afrika Mashariki wanaijua vizuri, kiwandani imeandikiwa nakala 8,000 kwa saa. Anayepiga makadirio yake Utemini kwa 8,000 anajitania. Mashine ina umri, rola zina umri, na karatasi yenyewe haitulii.

Hili la karatasi wageni hawalijui. Singida ni nyanda kavu, yenye msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Kiangazi hewa hukauka, karatasi ikapoteza unyevu, kingo zikajikunja, umeme tuli ukazigandisha, na mashine ikavuta mbili kwa mpigo. Uchapaji wa ofseti unataka unyevu wa hewa wa karibu asilimia 50. Ongeza vumbi la upepo wa Agosti linalotua kwenye pleti. Mchapaji makini wa hapa anapaswa kuwa na viwango viwili, cha masika na cha kiangazi, na kuiacha karatasi kwenye vifungashio vyake hadi saa ya kuchapa.

Kuvipata viwango hivyo hakuhitaji mtaalamu wa kulipwa. Kauntabuku ikae karibu na mashine, iwe na safu za tarehe, kazi, kuanza kuseti, kuanza kuchapa, kumaliza, nakala nzuri, nakala mbovu. Iandikwe miezi mitatu. Kisha panga muda wa kuseti kutoka mdogo hadi mkubwa na uchukue wa katikati. Usichukue ule bora kuliko wote, maana siku hiyo fundi alikuwa na haraka ya kwenda msibani. Jambo moja la kuogopa: siku bosi atakapolitumia daftari hilo kumkata fundi mshahara, ndiyo siku litakapoanza kudanganya, na daftari linalodanganya ni hatari kuliko kukosa daftari. Kazi iliyochukua dakika 90 badala ya 45 iulizwe maswali yenyewe. Pleti ilikuwa mbovu? Mteja alibadilisha maneno mashine ikiwa imeshafungwa? Kama ni mteja, hizo dakika 45 zina mlipaji.

Daftari hilohilo litaua mazoea ya kukadiria karatasi za kuharibika kwa asilimia ileile kwa kila kazi. Tuseme limeonyesha kwamba kuseti hula karatasi 40, na kuchapa huharibu 1 katika kila 100. Kazi ya karatasi 500 itapoteza 45, sawa na asilimia 9. Kazi ya 5,000 itapoteza 90, asilimia 1.8. Anayeweka asilimia 5 kote anaibiwa na kazi ndogo na kukosa kazi kubwa, kwa sababu kwenye kubwa bei yake inakuwa juu bure.

Kuna hesabu nyingine ambayo kiwango cha kimataifa kimemrahisishia mchapaji wa Singida, ingawa wengi hawaitumii. Ukubwa wa A4 unatokana na kiwango cha Kijerumani cha mwaka 1922, kazi ya Walter Porstmann, ambacho leo ni ISO 216. Karatasi ya A0 ina mita moja ya mraba kamili, na ndani yake mna A4 kumi na sita. Karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba, basi, ina gramu 5 kwa kila A4, na rimu ya karatasi 500 ni kilo 2.5. Tani moja ni rimu 400. Mzigo kutoka Dar es Salaam husafiri karibu kilomita 700 kufika Singida. Msafirishaji akitoza shilingi 120 kwa kilo, kila rimu imebeba nauli ya shilingi 300. Iandike kwenye bei ya rimu, isiachwe ielee kama gharama ya bosi.

Uzito huo unafichua na ujanja. Rimu iliyoandikwa gramu 80 ikipimwa ikasoma kilo 2.2, ndani mna karatasi za gramu 70 au mna upungufu wa idadi. Mizani ya duka la nafaka inatosha kujua, na penye shaka Wakala wa Vipimo wapo.

Kwenye rangi sitakaa sana. ISO 12647-2, kiwango cha uchapaji wa ofseti kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1996, kinataka vifaa vya kupimia ambavyo ofisi ndogo haiwezi kuvinunua leo. Lakini njano ya lebo ya alizeti ikitoka ya limau mwezi huu na ya embe mwezi ujao, mnunuzi wa mafuta sokoni ataanza kushuku feki, na mkamuaji atagoma kulipa. Ofisi inaweza kuwa na nakala moja iliyosainiwa na mteja, ikahifadhiwa mbali na jua, na kila chapa mpya ikalinganishwa nayo chini ya taa ileile. Gharama yake ni bahasha.

Najua pingamizi lililo mdomoni mwa msomaji mwenye mashine: nikitaja elfu sita na ushee, mteja anavuka barabara. Pengine. Ila anayejua gharama zake anajua pia pa kukata. Kwenye kazi yetu ya vitabu 40, saa 2 na robo, yaani maandishi, pleti na kuseti kote kuwili, zingekuwa zilezile hata kama vingekuwa vitabu 80. Kwa vitabu 80 gharama inashuka hadi karibu 5,510 kwa kitabu. Kwa hiyo punguzo la haki kwa mkamuaji anayeongeza oda ni shilingi 620 hivi, na anayempunguzia 1,500 kwa kumwonea haya anamlipia risiti. Kwa wateja wawili wa risiti za A5, kazi zao zinaweza kukaa kwenye pleti moja na kugawana muda wa kuseti. Saa zinazouzwa zikipanda kutoka 1,200 hadi 1,500, bei ya saa inashuka hadi karibu 12,700. Na katika mwezi wa njaa, mashine imelala, si dhambi kupokea kazi inayolipa vifaa na kuchangia pango kidogo, mradi mwenyewe anajua amefanya hivyo na haigeuzi kuwa bei ya mwaka mzima.

Nimesikia pia ushauri kwamba wachapaji wa mji mmoja wakae wakubaliane bei. Wasithubutu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei pamoja. Wanachoweza kufundishana ni njia ya kupiga hesabu, kila mmoja akatoka na jibu lake. Aliye na jengo lake mwenyewe na mashine iliyokwisha kulipiwa ana haki ya kuwa rahisi kuliko mpangaji.

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi tangu mwaka 2023, ununuzi wa umma ulipohamia kwenye mfumo wa NeST. Fomu, vitabu na mabango ya halmashauri sasa yanapita huko, na sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana cha Singida chenye mashine moja kinaweza kushinda zabuni, kisha kikafilisiwa na ushindi huohuo kwa kuwa bei kilichoijaza kilimwangalizia mtu. Bei ikishaingia kwenye mkataba, huwezi kurudi kusema ulisahau muda wa kuseti.

Wanunuzi nao wana sehemu yao. Afisa ununuzi, mwalimu mkuu, mhasibu wa parokia: unapoomba profoma, taja ukubwa, uzito wa karatasi kwa gramu, idadi ya rangi, namna ya kubana na idadi kamili ya nakala. Ukiandika “vitabu vya risiti, 40” na kumchagua wa bei ya chini, umemlazimisha mchapaji mwaminifu ashindane na karatasi ya gramu 60 asiyoijua. Na wewe mchapaji, profoma yako ya Jumatatu itenganishe vifaa na kazi, kila kimoja na mstari wake, ili mteja aone analipia nini.